Pioneer, Jina Lililookolewa na Gari

Muulize kijana wa Kayole, mtaa wa Eastlands mashariki mwa Nairobi, redio bora ya gari ni ipi. Atakutajia Pioneer, au Kenwood, na akiwa mtu wa ubishi atakupa sababu tele za moja kuishinda nyingine. Kisha muulize muziki wa nyumbani kwao unatoka wapi. Hapo Pioneer haimo. Sebuleni kuna wufa ya Sayona au Vitron, imetoka China, imenunuliwa barabara ya Luthuli mjini na kuwekwa kando ya televisheni. Jina linaloapiwa barabarani halina pa kukaa nyumbani.

Wengi husema sababu ni bei, na bei kweli ina sehemu yake. Ila haielezi kwa nini mwenye matatu, mtu anayehesabu kila lita ya dizeli na kila shilingi ya trafiki, hukubali kulipia jina ambalo mwenye sebule amelikataa. Jibu liko katika safari mbili: ya kampuni yenyewe kutoka Tokyo, na ya basi la Kayole kutoka karakana ya bodi hadi steji. Zinakutana kwenye dashibodi.

Mwanzilishi, Nozomu Matsumoto, alikuwa mtoto wa mhubiri wa Kikristo. Sauti ya spika za Kimarekani ilimvutia, akataka Japani iwe na zake, na mwaka 1937 akatengeneza spika aliyoiita A-8. Januari 1938 akafungua karakana yake Tokyo, Fukuin Shokai Denki Seisakusho. Fukuin kwa Kijapani ni Injili. (Wakazi wa Kayole wanaokeshezwa kila Ijumaa na kanisa la mabati la jirani hawatashangaa kusikia kwamba Injili na spika ni marafiki wa zamani.) Pioneer lilikuwa jina la biashara la spika zake, na mwaka 1961 likawa jina la kampuni nzima.

Kwa hiyo hawa walianza na koni na sumaku. Redio ilikuja baadaye. Mwaka 1962 wakatoa mtambo wa stirio wa vipande vilivyotenganishwa, yaani amplifaya peke yake, redio peke yake, spika peke yake, na mnunuzi akawa anaweza kubadili kipande kimoja bila kutupa vingine. Wazo hilo ndilo lililozaa enzi ya mitambo mikubwa ya miaka ya 1970, ile ya vifuniko vya rangi ya fedha, vitufe vizito na taa za samawati. Kilele chake kilikuwa SX-1980 ya mwaka 1978, redio na amplifaya zikiwa zimerudi katika sanduku moja, wati 270 kwa kila upande. Leo wakusanyaji wa vitu vya kale huigombania.

Baada ya hapo kampuni ikaanza kuweka dau kubwa, na madau mengine yakaiumiza. Diski ya leza, sahani ya filamu yenye upana wa santimita 30, iliingia soko la Marekani mwaka 1980 ikiwa na picha safi kuliko kanda. Huko Japani ilipata uhai katika kumbi za karaoke. Kwingineko watu walitaka kurekodi vipindi, na sahani ile haikurekodi, hivyo deki za VHS zikaishinda. Huku kwetu filamu za video ziliingia mitaani kwa kanda, na sahani za leza karibu hakuna aliyeziona. Dau la pili lilikuwa televisheni za plasma. Waliozichunguza zile za jina Kuro walizisifu kwa weusi wa picha, lakini kuzitengeneza kulikuwa ghali na bei za skrini zilikuwa zikiporomoka kila mwaka. Mwaka 2009 kampuni ikatangaza kwamba inaachana na televisheni na kupunguza nafasi za kazi zipatazo 10,000.

Wakati huohuo kulikuwa na mlango wa pembeni ambao haukufungwa. Mwaka 1975 Pioneer iliingiza garini wazo lake la vipande: redio, amplifaya na spika zinazonunuliwa mbalimbali na kuunganishwa. Mwaka 1984 ikatoa CDX-1, mashine ya kwanza duniani ya kuchezea CD ndani ya gari. Mwaka 1990 ikatoa AVIC-1, kionyesha njia cha gari kinachotumia setilaiti za GPS. Kwa miaka mingi idara ya magari ilikuwa ndugu mdogo. Nyumba ilipoungua, yeye ndiye aliyebaki na paa.

Mwaka 2015 mambo yaligawanyika rasmi. Mitambo ya nyumbani ilikwenda kwa Onkyo, kampuni nyingine ya Kijapani, ambayo yenyewe ilifilisika mwaka 2022. Mashine za ma-DJ zilinunuliwa na wawekezaji wa Marekani, KKR, na mwaka 2020 zikahamia kwa Noritsu Koki huku kampuni hiyo ikiitwa AlphaTheta. Pioneer ya Matsumoto ikabaki na magari. Hata hivyo madeni yaliizidi: mwaka 2019 hazina ya uwekezaji ya Baring iliichukua yote na kuiondoa katika soko la hisa la Tokyo. Mwaka 2025 CarUX, kampuni tanzu ya Innolux ya Taiwan inayotengeneza skrini za magari, ilitangaza kuinunua.

Ukitazama wenzake utaona Pioneer haikuwa peke yake. Sansui, iliyokuwa mshindani wake mkubwa sebuleni, ilifilisika mwaka 2014, na leo jina lake linabandikwa kwenye televisheni zisizo na uhusiano wowote na mafundi wake wa zamani. Aiwa ilimezwa na Sony. Sanyo ilimezwa na Panasonic. Kenwood, iliyoanzishwa mwaka 1946, iliungana na JVC mwaka 2008 na kujikita kwenye magari na redio za mawasiliano. Alpine tangu mwanzo ilikuwa mtu wa magari na bado ipo. Anayesoma orodha hiyo kwa makini ataona kwamba majina yake yaliyobaki na nguvu za muziki yalijishika kwenye gari. Sebuleni simu ya mkononi na spika ndogo za China zilikomba soko. Garini kulikuwa na mtetemo, joto, vumbi na volti zinazopanda na kushuka, na huko kifaa cha bei ya chini kabisa hakidumu. Ubora ulikuwa na kazi ya kufanya.

Sasa twende Kayole.

Mtaa huu ulitokana na miradi ya viwanja na huduma iliyofadhiliwa na Benki ya Dunia: serikali inapima viwanja na kuleta maji na mifereji, mwananchi anajenga mwenyewe. Dandora ilitangulia, Kayole ikafuata. Watu wakapanda juu ghorofa baada ya ghorofa, na mtaa uliopangwa kwa nyumba za chini ukajaa maradufu. Kazi nyingi, hata hivyo, zilibaki mjini na Viwandani, kilomita kadhaa kutoka hapo. Kila alfajiri Kayole humwagika kwenye Spine Road na Kangundo Road, na kila jioni hurudi ikipitia Jogoo Road au Outer Ring. Msongamano ukikaza, mkazi wa Kayole huweza kukaa ndani ya matatu muda mrefu kuliko anaokaa macho sebuleni kwake. Hili peke yake lingetosha kueleza kwa nini pesa ya muziki ilikwenda garini.

Lakini kuna sababu nyingine, na ni ya kisiasa. Tangu Rais Jomo Kenyatta alipoziruhusu matatu mwaka 1973 kubeba abiria bila leseni maalumu, zilikua katika nchi yenye mtangazaji mmoja tu wa redio, Sauti ya Kenya, ambayo baadaye ilirudi kuitwa KBC. Kituo cha kwanza cha FM cha mtu binafsi, Capital, hakikusikika hadi mwaka 1996. Kwa zaidi ya miaka 20, aliyetaka muziki ambao serikali haikuuchagua alitegemea kaseti, na mashine yenye nguvu ya kuchezea kaseti mbele ya watu wengi ilikuwa ya matatu. Mwaka 1990, baada ya kijiji cha mabanda cha Muoroto kubomolewa, nyimbo za Kigikuyu za kulalamikia ubomozi ule zilisambaa kwa kanda, zikachezwa ndani ya matatu, na polisi wakawaandama wauzaji. Matatu ilikuwa kituo cha redio kabla vituo havijaruhusiwa. Profesa Kenda Mutongi, katika kitabu chake cha mwaka 2017 kuhusu historia ya matatu, anaonyesha jinsi biashara hii ilivyokua ikisukumana na dola. Nadhani vita vya kaseti ni sehemu ya msukumano huo, na hapo ndipo spika ya gari ilipopata heshima ambayo spika ya nyumbani haikuwahi kuipata.

Halafu kuna ushindani wa steji. Nauli za njia moja hazitofautiani sana, na magari yote hupita mashimo yaleyale. Mwanafunzi na kijana wa kazi za mjengo huchagua kwa macho na masikio, nao ndio watakaojaza viti saa ambazo wafanyakazi wa ofisi wameshafika. Mwenye gari anaponunua spika huwa ananunua uwezo wa kujaza upesi, na kujaza upesi ni safari moja zaidi kwa siku. Kwake Pioneer ni chombo cha kazi, na ndiyo maana hesabu yake haifanani na ya mwenye sebule.

Pioneer yenyewe haikutufuata kwa kiwanda, kama Matsushita iliyofungua kiwanda Dar es Salaam mwaka 1966 kutengeneza redio na betri za National. Bidhaa zake zimezoeleka kupitia Ghuba, ambako kampuni ina ofisi Jebel Ali, Dubai, na kupitia wafanyabiashara wa Luthuli Avenue na Kirinyaga Road. Hapo katikati ya Luthuli na gari palikuwa, na bado pana, mtu mmoja ambaye hakuna kijitabu cha maelezo kinachomtaja: fundi.

Hoja yangu yote inasimama juu ya huyu fundi, kwa hiyo naomba msomaji anivumilie niingie kwenye waya.

Vifaa vya Pioneer vya gari vimebuniwa kwa gari dogo la mtu binafsi, lenye betri moja ya volti 12. Nganya za Kayole, yaani matatu zilizopambwa na kujazwa muziki, zile za viti 33, hujengwa juu ya chesisi za Isuzu NQR, malori yanayotumia volti 24 kutoka betri mbili zilizounganishwa kwa mfuatano. Ukiunga redio moja kwa moja, inaweza kuungua papo hapo. Njia ya mkato ni kuchukua umeme kwenye betri moja tu kati ya zile mbili. Muziki utapiga vizuri kabisa, na siku chache mwenye gari atamsifu fundi. Baadaye balaa huanza: betri hiyo moja hunyonywa mchana kutwa bila kujaa tena, huku ile nyingine ikijazwa kupita kiasi hadi maji yake yachemke. Zote mbili hufa mapema, na lawama huangukia betri. Fundi mzuri huweka kibadilishi cha volti 24 kwenda 12, au kifaa cha kusawazisha betri, kisha anapiga hesabu. Wati 1,000 za kweli kwenye volti 12 ni zaidi ya ampea 80, kabla hujahesabu zinazopotea kama joto. Waya mwembamba hauwezi kubeba mzigo huo, na kibadilishi kidogo cha bei nafuu hakiuwezi pia. Ukikuta nganya ambayo taa zake za ndani hufifia kila ngoma inapodunda, umeona mahali hesabu iliporukwa.

Kisha kuna umbo la chumba chenyewe, na hapa wengi hupotea. Ndani ya gari dogo, sauti za chini kabisa hupewa msaada wa bure. Wimbi la sauti linapokuwa refu kuliko chumba kinavyoweza kulihimili, hewa yote ya ndani husukumwa kwa pamoja na besi hupanda. Katika gari dogo kama Probox, lenye nafasi ya ndani ya takribani mita 2.5, msaada huo huanza karibu na mizunguko 70 kwa sekunde na kushuka chini, mahali hasa ngoma za muziki wa leo zinapoishi. Katika basi la mita 6 msaada huanza karibu na 29, chini ya pale nyimbo nyingi zinapofika. Ndiyo sababu wufa moja ya inchi 12 inayotikisa vioo vya Probox huonekana kama imeugua ikipandishwa kwenye nganya. Kijitabu hakisemi hivyo kwa sababu hakikumfikiria mwenye nganya. Fundi aliligundua kwa sikio: akaongeza wufa ya pili, ya nne, akazijengea masanduku ya mbao chini ya viti vya nyuma, akaacha tundu la kupumulia ili sanduku lisaidie pale ambapo chumba hakisaidii, akatenga twita mbele ili maneno ya msanii yasimezwe na mngurumo wa injini iliyo karibu na miguu ya dereva.

Kazi hiyo ina elimu ndani yake, ijapokuwa aliye nayo mara nyingi ameipata kwa kuungua vidole. Redio ileile na wufa zilezile zikitoka duka lilelile zitatoa sauti mbili tofauti kabisa kwa mafundi wawili. Kwa hiyo mtu anaposema Pioneer inapiga, anasifu kitu kilichotengenezwa nusu kiwandani na nusu Eastlands. Kampuni ilichotoa ni vipande vinavyokubali kubadilishwa na kuunganishwa upya, wazo lake lilelile la mwaka 1962, pamoja na uvumilivu wa kupigwa siku nzima. Mengine yamefanywa hapa.

Hili linatuleta kwenye wati, uongo mkubwa wa biashara hii, na ni uongo ambao hata kampuni halisi hushiriki. Usoni mwa redio ya Pioneer huandikwa 50W mara 4. Soma ukurasa wa mwisho wa kijitabu chake na mara nyingi utakuta 22W mara 4. Namba ya kwanza ni kilele cha kufumba na kufumbua, ya pili ndiyo inayoweza kuendelea. Sheria ya umeme haina huruma: volti 14.4 za gari linalokimbia, kwenye spika ya omu 4, haziwezi kutoa zaidi ya wati 26 safi bila kifaa cha kupandisha volti. Ndiyo kazi ya amplifaya, kupandisha volti hizo. Vivyo hivyo wufa ya TS-A300D4 imeandikwa wati 1,500 kwa herufi kubwa, na uwezo wake wa kudumu ni 500. Anayeinunua kwa ile namba kubwa, akaiunga na amplifaya isiyotosha, kisha akaifungulia sauti hadi mwisho ili apate kile alichoahidiwa, huchoma koili na kurudi dukani akidai ameuziwa feki.

Feki zipo kweli. Kenya ilitunga Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia mwaka 2008 na kuunda mamlaka ya kuisimamia, na vifaa vya umeme havijawahi kukosekana katika shughuli zake. Ila ishara wanazotumia wanunuzi wengi ni za kupotosha. Wapo wanaokataa redio kwa kuwa imeandikwa imetengenezwa Thailand, wakitaka ya Japani, ilhali Pioneer imetengeneza redio zake nyingi Thailand kwa miaka mingi. Ishara ya maana ni uzito wa sumaku, unene wa waya unaotoka kwenye koili, na kama namba ya kudumu ya wati imeandikwa popote. Bidhaa bandia hupenda namba moja tu, na huwa kubwa mno.

Kuna Pioneer nyingine ambayo wakazi wa Kayole wanayo bila kujua. Magari mengi ya teksi na ya familia hutoka Japani yakiwa yametumika, chini ya ile sheria ya kutozidi umri wa miaka 8, na baadhi hufika na redio yenye jina Carrozzeria. Hilo ndilo jina ambalo Pioneer hulitumia nyumbani Japani kwa vifaa vya gari. Mwenye gari huidharau, akaing'oa na kuiuza kwa bei ya chuma chakavu ili anunue Pioneer. Kwa haki, ana sababu: redio za Japani kwa desturi zilibuniwa kwa masafa ya 76 hadi 90, na sisi tunatangaza kati ya 87.5 na 108. Radio Taifa ya 92.9 haimo, Capital ya 98.4 haimo, Radio Citizen ya 106.7 haimo. Fundi huweza kuongeza kifaa kidogo kwenye waya wa antena kinachoshusha masafa, na hapo stesheni nyingi huingia zikiwa na namba za uongo kwenye kioo. Kichekesho ni kwamba Ghetto Radio ya 89.5, sauti ya Sheng ya Eastlands, huingia kwenye redio ya Kijapani bila kuombwa.

Kuhusu ma-DJ nitasema kidogo, ingawa wangestahili makala yao. Mwaka 1994 Pioneer ilitoa CDJ-500, mashine ya CD ya kuwekwa mezani na kuchezewa kwa mkono, na mwaka 2001 CDJ-1000 ikawapa ma-DJ sahani ya kukwaruza kama ya santuri. Vilabu vya dunia nzima vilifuata. Kwa kijana wa mtaani aliyeingia juzi, mlango ni vile vibao vidogo vya DDJ vinavyounganishwa na kompyuta. Mseto wa nyimbo hutengenezwa kwenye kibao hicho, hupakiwa kwenye flashi, na flashi huchomekwa kwenye redio ya nganya. Muziki wa genge wa studio ya Calif ulisambaa mitaani hivyo wakati wa CD, na Lamba Lolo ya Ethic wa Umoja, mwaka 2018, ilipita kwenye matatu ikielekea nchi nzima. Leo wimbo mmoja hupita kwenye mashine mbili zenye jina moja, zilizotengenezwa na kampuni mbili zisizo na undugu tena. Tangu mwaka 2024 baadhi ya mashine mpya za DJ hubeba jina AlphaTheta badala ya Pioneer, na sina hakika vijana watalipenda.

Mpaka hapa nimezungumza kama shabiki, na kuna wanaolipia ushabiki huu kwa masikio. Kanuni za John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilileta mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano, na nganya zikanyolewa michoro yake. Mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliunga mkono michoro irudi kama kazi ya vijana, na ilirudi pamoja na skrini, taa na wufa kubwa zaidi. Kanuni za kelele za mwaka 2009 chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira, zilikuwapo wakati huo, ila utekelezaji wake umekuwa wa msimu. Kipimo kinachotumiwa na taasisi ya Marekani ya afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 100 ni dakika 15. Abiria wa Kayole hushuka. Dereva na konda hubaki humo tangu kabla ya jua kuchomoza, na hakuna anayewapima. Mimi naona hapa ndipo sifa za fundi zinapofikia mpaka, kwa sababu fundi mwenye ujuzi angeweza kuitoa besi ile bila kuiua sauti ya mtu anayesema "shukisha".

Haki za wasanii ni shauri jingine. Vibandiko vya leseni za muziki vimekuwa vikibandikwa kwenye vioo vya matatu, vyama vya kukusanya mirabaha na Bodi ya Hakimiliki vimekuwa vikivutana kuhusu nani ana idhini ya kukusanya, na msanii ambaye wimbo wake ulichezwa Jogoo Road kutwa nzima bado anauliza pesa iko wapi.

Kinachobaki ni swali la kesho, na hapa safari ya Tokyo na ya Kayole zinaanza kuachana. Magari mapya ya binafsi yanakuja na skrini iliyofumwa ndani ya gari: inaendesha kiyoyozi, kamera ya nyuma, hata mipangilio ya injini. Huwezi kuing'oa na kuweka nyingine. Tayari wenye magari yaliyotumika wanajua adha ya redio za Toyota zinazojifunga betri ikitolewa na kudai namba ya siri kwa Kijapani. Pioneer imeuona mwelekeo huo, na kununuliwa na kampuni ya skrini kunaonyesha inakotaka kwenda, yaani kuwauzia watengeneza magari moja kwa moja. Biashara ya kumuuzia mtu redio sandukuni inapungua duniani.

Nganya bado iko nje ya mkondo huo. Chesisi huunganishwa Mombasa Road, bodi hujengwa na karakana za hapahapa Nairobi, na dashibodi hutoka ikiwa wazi, tayari kwa lolote ambalo mwenye gari na fundi watakubaliana. Kwa sababu hiyo naamini njia za Eastlands zitabaki kuwa soko zuri la redio za kuchomeka na wufa za sanduku muda mrefu baada ya Ulaya kuzisahau. Tishio linalokaribia ni basi la umeme. Kampuni za BasiGo na Roam zimeshaliingiza barabarani Nairobi. Basi hilo halina mngurumo wa dizeli, kwa hiyo muziki utasikika kwa sauti ndogo zaidi, jambo jema kwa konda. Lakini umeme wa muziki na umeme wa magurudumu utatoka chanzo kimoja: wati 1,000 kwa saa moja ni yuniti nzima, na yuniti hiyo ingesogeza basi mbele. Tena BasiGo huwapa wenye magari basi kwa mpango wa kulipia kila kilomita, na betri si mali ya anayeliendesha. Mwenye nganya aliyezoea kumkabidhi fundi gari Jumamosi na kulichukua Jumatatu likiwa na wufa nne, sasa atalazimika kwanza kumwomba ruhusa mwenye betri kabla waya wowote haujakatwa.